Haifuati Ukoo

Siku ya tisa kikuku changu kiliandika maneno ambayo mama aliyafunika kwa kiganja kabla sijamaliza kuyasoma. Tulikuwa tumekaa mkekani sebuleni, mimi nimenyoosha mguu, uso umenisawajika kwa damu ya mwezi iliyokuwa inatoka bila kuchoka. Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, alikuwa mbele yetu anamenya chungwa. Mama alikuwa na mkono mwepesi, lakini Shangazi ni fundi wa kudarizi na macho yake hayapitwi na kitu.

"Kimesema nini?" akauliza.

"Betri hiyo, wifi," mama akajibu.

Vikuku havina betri. Vinakula joto la mwili, kila mtoto wa darasa la tano anajua. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, na mimi nikishaanza huwa siachi. Hata walimu wangu wameliandika hilo kwenye ripoti, tena si kwa kunisifu.

Nilingoja Shangazi aende kunawa mikono, nikauvuta mguu wangu. Herufi zilikuwa ndogo, nyekundu, zinazunguka kifundo: *Mwantumu Mbaraka. Siku ya 9. Haifuati ukoo.*

Kikuku hicho nilivalishwa shuleni nikiwa na miaka kumi, kama wasichana wote. Kinaonja damu kupitia ngozi, kisha kinalinganisha kilichoonja na kumbukumbu za wanawake wa ukoo wako: mama alivunja ungo lini, bibi alikuwa anatoka siku ngapi, nani alikuwa anashikwa na tumbo. Kutokana na hayo kinakwambia zako zitakuja lini na zitakuwaje. Wenzangu wengi kiliwapatia mpaka wiki. Mimi kiliniambia miaka kumi na tatu, mwezi wa sita, na nikavunja ungo nikiwa nimekaribia kumi na tano. Karibu miaka miwili nilitembea na pedi kwenye mkoba kama mtu anayesubiri mgeni asiyefika. Sasa nilikuwa na kumi na tano na ushei, na kila mwezi ulikuwa mzito kuliko uliotangulia.

Kwa lugha ya Kituo cha Nasaba, kinachotunza kumbukumbu hizo, "haifuati ukoo" maana yake ni kwamba mwili wako haulingani na kumbukumbu. Kwa lugha ya mtaani kwetu Makorora, maana yake ni kwamba mama yako ana la kueleza.

Shangazi alirudi, akaniona nimeinamia mguu, akayasoma maneno yale kichwa chini miguu juu. Hakupiga kelele. Alikaa, akamaliza chungwa lake kipande kwa kipande.

"Kumbukumbu haziongopi, wifi," akasema mwishoni. "Ijumaa Mbaraka akirudi nitazungumza naye. Kwa sasa ningekuwa wewe, ningefunga mkoba nikaenda kupumzika kwenu Korogwe, maneno yapoe."

Mama alinyanyua maganda ya chungwa mkekani, moja moja, akaenda nayo jikoni.

* * *

Kesho yake mama alinipeleka Kituo. Njiani hakusema neno, na si kwamba alinikasirikia. Kwetu mama hazungumzi na binti yake mambo ya damu. Hiyo ni kazi ya somo, yule kungwi anayemfunda mwari, na somo wangu alikuwa Shangazi Mwanahawa. Nilipovunja ungo alinikalisha ndani siku saba, akanifundisha kujifunga, kufua, kujisitiri na kunyamaza, akaniapisha kutunza siri za somo. Nilimpenda siku zile kuliko mtu yeyote duniani. Mama alikuwa anapita mlangoni na sahani tu, anaiweka chini, anaondoka.

Msomaji wa zamu aliitwa Nakijwa, dada mrefu kutoka Same, koti lake jeupe limekunjwa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Siku ya kumi leo? Unabadilisha pedi ngapi kwa siku?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama dirishani.

"Kumi na mbili," nikasema, na nikamwona mama anafumba macho. Hakuwa anajua.

Nakijwa aligusa ukuta, ukawaka. Wanawake wa ukoo wetu wakajipanga juu mpaka chini, kulia wa upande wa mama, kushoto wa upande wa baba, kumi na mmoja kwa jumla. Nikaanza kuwasoma. Alivunja ungo: miaka 13. Siku: 5. Tabu: hakuna. Wa pili, kumi na tatu, tano, hakuna. Wa tatu, hivyo hivyo. Nilifika chini kabisa nikarudi juu, nikidhani macho yananichezea.

"Wote?" nikauliza.

"Wote," Nakijwa akasema.

"Dada, sisi hata viatu hatulingani namba."

Alicheka kidogo, kisha akasukuma mlango kwa mguu ukajifunga. "Nina miaka sita hapa. Kule kwetu waandikaji wa kumbukumbu walipopita, kila mwanamke alisema lake: huyu siku tatu, huyu nane, huyu anazimia. Huku kwenu kuna mitaa mizima ni tano, hakuna, tano, hakuna. Nimeuliza wakubwa wangu, wakasema wanawake wa huku wana afya njema. Mama, nani aliwajibia?"

Kwa mara ya kwanza mama akafungua mdomo. "Somo zetu. Waandikaji walikuwa vijana wa kiume na vishikwambi vyao. Sasa nani angewasimulia? Tukawaelekeza kwa somo zetu, wakajibu wao. Na somo akiulizwa na mtu baki habari za mwari wake, ana jibu moja tu. Mwari wangu hana tabu."

Nilitamani kucheka ila tumbo lilikataa. Mtambo wote ule, unaopanga dawa za wasichana wa nchi nzima, ulikuwa umefundishwa adabu badala ya ukweli.

"Sasa sikilizeni," Nakijwa akasema. "Damu kukataa kukoma hivi mara nyingi ni jambo la kurithi, linatokana na jinsi damu inavyoganda. Dawa ipo. Lakini tatizo hilo lina aina zaidi ya moja, na dawa inayomfaa huyu inaweza kumdhuru yule, kwa hiyo siwezi kubahatisha. Nataka usomaji kamili, mpaka kwenye vinasaba vyenyewe. Na jambo jingine: watu wanadhani mambo ya mwezi yanatoka kwa mama. Nusu yako ni ya baba. Mwanamume anaweza kulibeba jambo la hedhi maisha yake yote asijue, kwa sababu hana pa kulionea."

"Nisome basi," nikasema.

"Sheria hairuhusu hivi hivi. Nikikusoma wewe, nimewasoma na ndugu zako. Alama ya tatizo hili itaingia kwenye vyeti vya vikuku vya wote wa upande litakakotokea. Nahitaji dole gumba la mwanamke mtu mzima wa kila upande."

Mama hakungoja sentensi iishe. Alikuwa ameshabonyeza dole lake kwenye kishikwambi.

"Na upande wa baba? Bibi yupo?"

"Alikufa kwa homa, baba akiwa mdogo," nikasema. "Yupo Shangazi."

Nakijwa alinikabidhi kishikwambi pamoja na vidonge vya kuongeza damu, akatuonya kwamba nikizimia tukimbilie hospitali bila kungoja mtu. Nilitoka na matumaini. Shangazi ndiye aliyekuwa anataka ukweli, na ukweli nilikuwa nimeubeba kwapani.

* * *

Alasiri hiyo nilikwenda kwake peke yangu, napumzika kila baada ya nyumba tatu. Alikuwa barazani anadarizi foronya za harusi ya Shemsa, binti yake wa pekee. Harusi ilikuwa mwezi unaofuata, na wakwe walikuwa watu wa kuomba cheti cha kikuku kabla hata ya kuuliza jina la bibi harusi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka na hali hiyo? Kaa, kaa hapa." Akaniwekea mto mgongoni, akaniletea juisi ya ubuyu. Yule aliyemkata mama maini jana alikuwa mpole kwangu, na upole wake ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamweleza habari ya dole gumba. Sindano ikasimama hewani.

"Siweki."

"Lakini Shangazi, kikionyesha mimi si mtoto wa Baba, utakuwa umeshinda."

"Nimesema siweki, Mwantumu. Mambo ya watu hayafunguliwi ovyo."

Kichwa kilikuwa kinanizunguka, lakini kilifanya kazi. Mama, anayetuhumiwa, alibonyeza bila kusita. Shangazi, anayemtuhumu, hakutaka hata kukigusa kishikwambi. Tangu lini mwenye kulia kaibiwa akakataza mifuko isipekuliwe?

Akarudi kwenye foronya kwa hasira, akajichoma. Padogo tu, ncha ya kidole cha shahada. Akakibana kidole kwa pindo la kanga, akaanza kunisimulia habari za keki na mapambo. Niliitikia, huku natazama saa kwenye kikuku changu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na nusu alichungulia kidole, akabana tena. Saa kumi kasoro dakika tano doa kwenye kanga lilikuwa na ukubwa wa kisosi.

"Mama akijikata na kisu," nikasema, "ananyonya kidole, anaendelea na vitunguu. Baba akinyoa ndevu anashinda na vipande vya karatasi kidevuni mpaka adhuhuri. Na wewe hicho kidole kina dakika arubaini na tano. Shangazi, zako zilikuwa siku ngapi?"

"Mwari haulizi."

"Ngapi?"

Akaiweka foronya chini. Kisha akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Akanikalisha sakafuni miguuni pake, akaniwekea mkono utosini, vile vile kama siku zile saba. Hapo ndipo ningetakiwa kushuku, mimi ninayeshuku hata salamu. Sikushuku. Nilikuwa mgonjwa, na mkono wake ulikuwa na joto.

"Kumi na tatu," akasema. "Kila mwezi, mpaka zilipokoma. Nilikuwa nalala sakafuni nisichafue kitanda. Na mama yetu hakufa kwa homa. Alifia uzazini, akimzaa mtoto aliyemfuata baba yako. Damu haikukatika tangu alfajiri mpaka magharibi. Nilikuwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha matambara."

Nililia. Nililia kwa ajili ya bibi nisiyemjua, na kwa ajili ya mtoto yule wa miaka tisa, na pia kwa furaha ya aibu, kwa sababu mama yangu hakuwa na kosa.

"Baba anajua?"

"Mwanamume atajulia wapi." Mkono wake bado ulikuwa utosini kwangu. "Sasa sikiliza. Nimekwambia kama somo. Neno la somo halivuki mlango huu. Uliapa."

Ndipo nilipoelewa alichonifanyia. Angeninyima jibu, ningekuwa huru kusema kila nilichokisia. Kwa kunipa jibu alikuwa amenifunga mdomo.

"Na mama yangu?"

"Atakaa Korogwe miezi miwili, mitatu. Maneno yataisha, atarudi. Wewe nitakutafutia dawa za miti. Lakini Shemsa wangu akitiwa alama, hakuna wa kumwoa."

"Na nisipopona?"

"Mimi nimeishi," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu.

* * *

Siku mbili nilijilaza nikibishana na nafsi yangu. Mwili ule ulikuwa wa Shangazi. Siku zile kumi na tatu alizilalia yeye sakafuni, si mimi, na hakuna aliyenipa ruhusa ya kuzitangaza. Lakini siku hizo hizo nilikuwa nazo mimi tumboni, zinanimaliza. Siri ikiwa ndani ya damu ya watu wawili, ni ya nani? Niligeuka upande huu nikaona nina haki, nikageuka upande ule nikaona mimi ni msaliti. Nilimchukia pia, kwa kitambo, kisha nikakumbuka matambara.

Ijumaa baada ya swala baba alirudi kutoka Handeni, alikokuwa anafunga paneli za jua, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mkoba wa mama ulikuwa mlangoni. Shangazi alikuja, na Shemsa akaja naye na sufuria la wali, kwa kuwa kwetu kikao hakikai na njaa. Shemsa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa hesabu, mcheshi. Siku hiyo hakutania mtu.

"Mbaraka, hatumtuhumu mtu," Shangazi alianza. "Lakini kikuku kimeandika, na majirani wana macho."

"Mimi dole langu nimeshaweka," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Nangoja lenu."

Baba akakuna shingo. "Dada, kwani tukiweka kuna nini? Yaishe."

"Hutaki mpwa wako aolewe?"

Baba akatazama chini. Nikajua kwamba hapo ndipo alipoishia, na kwamba jioni ile mama angepanda gari. Nikasimama, nimeshika ukuta.

"Shangazi zake zilikuwa siku kumi na tatu," nikasema. "Na Bibi hakufa kwa homa, Baba. Alifia uzazini kwa kutoka damu. Ameniambia mwenyewe."

Baba akamgeukia dada yake. "Mama si alikufa kwa homa? Wewe ndiye uliyeniambia."

Shangazi hakutikisika hata kidogo. "Mtoto amepungukiwa damu, Mbaraka. Anaweweseka. Mpeni maji alale."

Nikauona uso wa baba ukilegea. Alitaka kumwamini, tena kwa moyo wote. Alilelewa na mwanamke huyu. Kitu hicho kiliniogopesha kuliko damu yenyewe.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Shemsa. "Bibi alifia uzazini?"

Shangazi akavuta sufuria la wali, akaanza kupakua.

"Mimi zangu ni kumi na moja," Shemsa akasema, mbele ya mjomba wake, mwanamume, bila kufunika uso. "Ukaniambia ni mimi peke yangu katika ukoo mzima, nisimwambie mtu. Ukanifundisha kukunja kitambaa ndani ya kikuku kila mwezi kisionje. Nimekunja miaka tisa. Na mwezi ujao mnaniozesha. Mwakani ningekuwa wapi mimi? Kitanda kama cha Bibi?"

"Mimi nilizaa. Nikaishi."

"Ulizaa mara moja. Nilikuwa nakulilia unipe mdogo wangu, unaniambia Mungu hajapenda."

Akanyoosha mkono, nikampa kishikwambi.

"Shemsa, wakwe hawatakuja," Shangazi akasema. Sasa sauti ilikuwa imevunjika. "Mwanangu, hawatakuja tena wale."

"Wasije," Shemsa akasema, akabonyeza.

Shangazi aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akanijia. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Uliapa," akaniambia kwa upole.

"Niliapa, Shangazi."

"Basi tafuta somo mwingine."

Akatoka bila kuaga, hata sufuria lake hakulichukua.

Jumamosi Nakijwa alitupa majibu: damu isiyoganda sawasawa, imetoka kwa baba, aina yake inajulikana na dawa yake ipo. Shemsa alipewa kadi ya kumwonyesha mkunga, siku ikifika. Jumapili jioni damu yangu ilikoma. Wakwe walipelekewa habari, na walikuwa bado hawajajibu.

Jumatatu mama aliingia chumbani kwangu na chai, ila safari hii hakuiweka chini akaondoka. Alifunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavuta pumzi kama anayetaka kuruka mtaro.

"Mimi nilivunja ungo nikikaribia miaka kumi na tano," akasema. "Wenzangu walikuwa wananicheka. Somo wangu akaandikisha kumi na tatu."

Kumbe kuchelewa kwangu kulikuwa kwake. "Na siku?"

"Tatu. Lakini ya kwanza natapika mpaka leo. Ile malaria yangu ya kila mwezi, Mwantumu, si malaria."

Nikacheka mpaka chai ikamwagika, naye akacheka, kisha tukaona haya, kisha tukacheka tena. Nikamuuliza kila kitu. Nilimuuliza kuhusu maumivu, kuhusu kunizaa mimi, kuhusu mama yake, kuhusu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alijibu yote, mengine kwa shida, mengine akiwa ameficha uso kwenye mto wangu.

Mwisho nikamuuliza kama Shangazi atarudi. Mama alichukua kikombe, akakifuta chini kwa kanga yake, akakifuta tena. "Sufuria lake bado liko jikoni," akasema.